Nani Ana Ngazi Mtaani Kwako?

Jumamosi ya Mei 4, 2024, mchana, nilikuwa nimesimama uani kwangu Kigamboni, mvua imeniloanisha mpaka soksi, nikiangalia bati moja la jikoni likipiga makofi. Lilikuwa halijang'oka bado. Limeachia misumari miwili ya ukingoni, basi kila upepo ukija linanyanyuka, linatulia, linanyanyuka tena, kama mgeni anayetaka kuondoka ila anaona aibu kuaga. Chini yake kulikuwa na gunia la mkaa, unga, na mama mkwe wangu, aliyekuja kutusalimia wiki moja na sasa alikuwa ananichungulia dirishani. Macho yake yalisema: leo tutajua mwanangu aliolewa na nani.

Nyundo ninayo. Misumari ya bati ninayo, nusu kilo nzima, iliyobaki tangu tulipoezeka. Waya wa kufungia nondo ninao. Ngazi sina.

Nikatoa simu. Nina namba zaidi ya mia sita kwenye simu yangu. Nina namba ya jamaa anayeagiza vioo vya madirisha kutoka Guangzhou. Nina namba ya mtu aliyeniuzia matairi Arusha mwaka 2017. Nikapandisha, nikashusha, na pale kwenye mvua ndipo nilipotambua kwamba sina namba hata moja ya mtu anayeishi ndani ya hatua mia mbili kutoka mlangoni kwangu. Nimekaa mtaa huu miaka minne.

Nikakimbilia kwa Mangi. Duka lilikuwa limefungwa nusu, mwenyewe yuko ndani anahamisha mifuko ya sukari kwenda rafu za juu. Nikamuuliza, Mangi, nani ana ngazi hapa? Hakufikiria hata kidogo. "Nenda kwa Babu. Nyuma ya msikiti, geti la kijani. Sema nimekutuma mimi."

Babu nilimkuta barazani, amevaa koti la mvua la manjano kama la watu wa bandarini, na kweli alistaafu bandarini.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Wewe si ndiye mwenye gari jeupe usiyesalimia watu?"

Nilijitetea kwamba vioo huwa vimefungwa kwa sababu ya vumbi. Akaitikia "haya" ile ya wazee, ambayo haimaanishi haya. Kisha akaniuliza ngazi ya nini, nikamweleza, akasimama. "Ngazi utaichukua, ila leo hupandi. Bati likiachia upepo huu linakata kama panga. Una kamba? Una viroba?"

Tukaenda wote. Tulijaza mchanga viroba sita vya unga, tukavifunga viwili viwili kwenye ncha za kamba, tukairusha kamba juu ya paa mpaka upande wa pili, viroba vikabaki vinaning'inia huku na huku kama mizigo ya punda. Kamba tatu. Bati likanyamaza. Mama mkwe akafungua mlango, akamkaribisha Babu chai. Mimi hakunikaribisha.

Ngazi nilianza kuitumia kesho yake, kulipokuwa kumetulia.

Nimesimulia hayo kwanza kwa sababu kila nikisoma ushauri wa kujiandaa na kimbunga naona orodha ileile: tochi, redio, maji, betri, chakula kikavu, nyaraka kwenye mfuko wa nailoni. Sina ugomvi nayo. Lakini siku ile nilikuwa na karibu vitu vyote vya kwenye orodha, na kilichozuia jiko langu lisiezuliwe ni mzee wa geti la kijani ambaye hakuna orodha inayomtaja.

Najua kuna atakayesema Dar es Salaam haina vimbunga. Sentensi hiyo nimeisikia maisha yangu yote, na nusu yake ni kweli. Tuko kama nyuzi 6.8 kusini mwa ikweta, na vimbunga hupata shida kujikunja karibu na ikweta, kwa kuwa ule msokoto unaotokana na dunia kuzunguka huwa dhaifu huku. Halafu kuna Madagascar, imelala baharini kama ukuta, inapokea vipigo vingi ambavyo vingetufikia sisi. Vinavyopita pembeni yake mara nyingi hukata kona kuelekea kusini, ndiyo maana Msumbiji wanaumia zaidi. Mwaka 2019 walipigwa mara mbili ndani ya wiki chache: Idai mwezi Machi pale Beira, na Kenneth mwezi Aprili kule Cabo Delgado, jirani kabisa na Mtwara yetu.

Nusu ya pili ya sentensi ndiyo mbovu. Waulize watu wa Unguja. Aprili 1872 kimbunga kilipita pale, kikang'oa mikarafuu na minazi, kikavunja meli za Sultani Barghash bandarini. Pemba ilinusurika kwa kiasi kikubwa, na tangu hapo ndiyo ikawa mama wa karafuu. Kwa hiyo harufu ya karafuu unayoisikia ukishuka Pemba ina mkono wa upepo ule. Lindi nako kilipiga Aprili 1952. Huku kwetu kimbunga ni mgeni wa nadra, na ugeni wake ndio hatari yenyewe, kwa sababu hakuna anayekumbuka alifanya nini mara ya mwisho.

Tena tunakumbuka vibaya. Mwaka 2021 tuliambiwa kimbunga Jobo anakuja. Ilikuwa mwezi wa Ramadhani, Aprili, na makadirio yalikuwa kwamba angefika pwani yetu Jumapili ya tarehe 25. Watu walinunua mishumaa, wavuvi wakavuta ngalawa juu, mitandao ikajaa vichekesho. Jobo akaishiwa nguvu baharini kabla ya kufika. Jumatatu, sikukuu ya Muungano, kila mtu akawa mtaalamu wa hali ya hewa: si tuliwaambia? Mimi nilikuwa mmoja wao. Ule utani tulioufanya ulitugharimu miaka mitatu baadaye, maana Hidaya, kimbunga cha ile Mei ya 2024, alipotangazwa nusu ya mtaa ilisema huyu naye ni Jobo.

(Na jina lenyewe! Hidaya kwa Kiswahili ni tunu, zawadi. Vimbunga vya upande wetu wa Bahari ya Hindi hupewa majina yanayopendekezwa na nchi za ukanda huu, herufi kwa herufi kila msimu. Mama mkwe alisema zawadi nyingine mtu unairudisha kwa aliyekuletea.)

Hidaya hakuwa Jobo. Mamlaka ya Hali ya Hewa ilianza kumtaja mapema mwezi wa Mei, wakati bado ni "mgandamizo mdogo wa hewa" mashariki ya pwani ya Mtwara. Maneno hayo hayamtishi mtu. Mgandamizo, tena mdogo! Siku mbili baadaye kilikuwa kimbunga kamili, boti za Zanzibar zikasitisha safari, na kikasogea mpaka Mafia, kikafia huko usiku wa Mei 4. Sisi Dar tulipata upepo wa pembeni na mvua, na hiyo ndiyo iliyonyanyua bati langu. Kusini ndiko kulikoumia. Barabara ya Lindi ilikatika maeneo ya Kilwa, Somanga na kwingineko, maji yakabeba vivuko na tuta, malori na mabasi yakapanga foleni pande zote mbili.

Hapa niseme jambo moja kuhusu lugha ya tahadhari, maana nimegundua majirani wengi hawaijui na mimi sikuwa naijua. Mamlaka ina daraja zake: "angalizo" ni njano, "tahadhari" ni rangi ya chungwa, "tahadhari kubwa" ni nyekundu. Kwenye mazungumzo yetu ya kawaida maneno angalizo na tahadhari ni ndugu, mtu anayachanganya tu. Kwenye taarifa yao hayachanganywi. Ukisikia angalizo limepanda kuwa tahadhari, mtangazaji hajabadilisha neno kwa kupamba. Na ukiona picha ya taarifa imetumwa kwenye kundi la familia, angalia tarehe. Tarehe 4 ile nilitumiwa taarifa ya Jobo mara mbili.

Wiki iliyofuata Babu ndiye aliyekuja kwangu, akaniuliza kama nina daftari. Nilimpa la mwanangu la hesabu lililobaki kurasa nyingi. Akasema andika. Tukaanza kutembea nyumba kwa nyumba, jioni tatu, yeye anasalimia, mimi naandika. Nilijifunza mtaa wangu kwa jioni zile tatu kuliko miaka minne ya vioo vilivyofungwa.

Nyumba ya tatu kutoka kwangu anaishi nesi wa zahanati. Niliwahi kumpeleka mtoto mwenye homa saa saba usiku kwa bajaji mpaka ng'ambo, na nesi amelala hapo. Yule kijana wa bodaboda anayeegesha kwenye mwembe anajua njia ya kupita nyuma, kwenye mwinuko, pale barabara ya chini inapojaa maji. Kuna mama tunamwita Mama Kuku, anafuga broila, ana jenereta kwa ajili ya taa za vifaranga na kisima kirefu chenye pampu. Alituambia bila kuzunguka: umeme ukikatika vifaranga kwanza, simu zenu baadaye, lakini maji chukueni. Mvuvi mmoja ana mtumbwi ameugeuza kifudifudi uani. Fundi seremala ana chensoo ya kazi zake za mbao, na kwa mti ulioanguka njiani huyo anafika kabla hujamaliza kupiga simu popote. Ila akasisitiza, na niliandika kwa herufi kubwa: mti ulioangukia waya hagusi mtu, hata waya ukionekana umekufa, mpaka watu wa umeme wakate laini. Zimamoto ni 114, polisi 112, hizo nazo tuliziandika ukurasa wa kwanza, kwa sababu mtu akiwa na hofu husahau hata namba tatu.

Kisha kuna kikundi cha kina mama cha kuzikana. Kama ningetakiwa kuchagua ukurasa mmoja tu wa daftari lile, ningechagua wao. Fikiria kinachotakiwa baada ya kimbunga au mafuriko: turubai, sufuria kubwa, viti, mikeka, kuni, mtu anayejua kupikia watu themanini kwa mchele wa watu hamsini, mtu wa kukusanya hela na kuziandika bila ugomvi, mtu wa kulala kwa mfiwa. Vitu hivyo vyote vipo tayari, vimefungiwa kwenye stoo ya mweka hazina, vinasubiri msiba. Tulipowauliza kama tunaweza kuwategemea siku upepo ukija, mwenyekiti wao alinitazama kama nimeuliza kama samaki anaogelea. "Baba, msiba ni msiba. Hata nyumba ikifa tunaizika." Sharti lao moja: uwe mwanachama. Ada elfu mbili kwa mwezi. Nikalipa ya mwaka mzima palepale, mke wangu akacheka mpaka akakaa chini, kwa sababu yeye ni mwanachama tangu tuhamie. Hakuwahi kuniambia kwa sababu sikuwahi kuuliza hela ya kila tarehe tano inakwenda wapi.

Nimeandika daftari na nasisitiza daftari, la karatasi. Umeme ukienda, minara ya simu hukaa kwa betri na mafuta yake kwa muda, halafu nayo inanyamaza. Simu yako inakuwa tochi, kisha inakuwa kioo. Tulinakili kurasa zile mara nne: moja kwa Mangi, moja msikitini, moja kanisani, moja kwa mwenyekiti wa mtaa.

Nimfikie basi mwenyekiti. Hapa najua wasomaji watagawanyika. Wengine kwao serikali ya mtaa ni ile ofisi ya chumba kimoja unayoikumbuka ukitaka barua ya benki au ya dhamana, ukaambiwa mhuri hauko. Mjumbe wa nyumba kumi naye wengi hawamtaki kwa sababu ni mtu wa chama. Yote nayajua. Lakini tangu mwaka 2022 tuna Sheria ya Usimamizi wa Maafa, inayotaka kuwe na kamati za maafa kuanzia taifa, mkoa, wilaya, kata mpaka ngazi ya mtaa na kijiji. (Ngazi hiyo nayo, kama ile ya Babu, ipo; tatizo ni kujua imewekwa kwa nani.) Likitokea la kutokea, orodha ya waliobomokewa huanzia huko chini. Mtendaji anapita na karatasi, anauliza nani anakaa hapa. Kama hakujui, anayejibu ni mwenye nyumba.

Wapangaji, nawasemesha ninyi hasa. Niliwahi kupanga Kigogo, bonde la Msimbazi, na niliona hili kwa macho yangu baada ya mvua moja mbaya. Nyumba ya vyumba sita, familia sita, karatasini jina moja: la mwenye nyumba, ambaye alikuwa anaishi mahali pengine kabisa na hakulowa hata kandambili. Godoro lake moja alilopewa lilikuja kulaliwa na mbwa. Wenzangu waliokuwa wameandikwa kwenye daftari la wakazi kabla ya mvua walipata kitu. Mimi nilikuwa kijana wa mjini, mtaa wa nini kwangu, sikupata, na sikuwa na wa kumlaumu.

Bonde hilo ndilo lililotufundisha wengi wetu. Desemba 2011 mvua ilinyesha Dar ambayo wataalamu walisema haijaonekana tangu 1954. Watu kama arobaini walikufa, maelfu wakabaki bila makazi, wengine wakahamishiwa Mabwepande. Hakikuwa kimbunga, ilikuwa mvua tu. Na tangu 2015 kuna vijana wa vyuo, wa Ardhi na wa Mlimani, walioingia mitaani na mradi wa Ramani Huria, wakachora pamoja na wakazi mifereji, vichochoro, na kina ambacho maji yalifika kwenye kuta. Kilichonivutia ni jinsi walivyofanya kazi yenyewe. Walimuuliza bibi anayeuza maandazi maji yalifika wapi, bibi akaweka mkono ukutani, wakapima. Ramani nyingi za jiji hili hazikuwahi kumuuliza.

Sasa Kilwa. Mama mdogo wangu anakaa upande wa Somanga. Tulimpata kwenye simu Jumapili, sauti inakatika, akasema yuko salama, paa la jiko limeondoka, mahindi ya akiba yameloa. Sisi wa Dar tukafanya tunachojua kufanya: kundi la familia likafunguliwa, michango ikaanza, mjomba akanunua unga, mchele, mafuta, blanketi, akajaza nusu ya pikapu. Pikapu ikaenda mpaka ilipokatika barabara. Ikakaa foleni siku mbili, ikarudi na mchele wenye unyevu.

Kaka yetu mdogo, ambaye huwa hatumsikilizi, ndiye aliyeuliza swali la maana: kwani kule hakuna duka? Kulikuwa na duka. Lilikuwa na stoo iliyojaa kabla ya mvua, na mwenye duka alikuwa amekaa juu ya mzigo wake hana wa kumuuzia, kwa sababu watu hawana hela taslimu na wakala wa jirani hana salio la kutolea. Tukatafuta namba yake kupitia mwalimu wa madrasa. Tukamtumia yeye hela moja kwa moja kwenye simu, yeye akampa mama mdogo unga, sabuni, kiberiti na dawa ya maji, akamwandika kwenye daftari lake kama mteja aliyelipa. Siku ya pili akatupigia mwenyewe: kuna wazee wawili jirani, mnaonaje? Tukatuma tena. Ndani ya saa moja ilikuwa imefanyika kazi ambayo pikapu ilishindwa kwa siku mbili, na mwenye duka naye akapata mauzo wiki ambayo asingeuza.

Ila mkono huohuo wa simu ndio matapeli wanaoingilia. Wiki ileile nilipokea ujumbe kuomba mchango kwa "wahanga", picha ya nyumba iliyozama ambayo, mwanangu akaniambia baada ya dakika mbili za kuitafuta, haikuwa hata ya Afrika. Na mimi mwenyewe nilipigwa, tena mlangoni kwangu. Alikuja kijana mwenye futi ya kupimia na kalamu sikioni, akaniambia amepita anakagua mapaa yaliyolegea, kenchi zangu zimeliwa na mchwa, papi mbili zibadilishwe, atangulizwe elfu themanini ya mbao. Alizungumza vizuri, alijua maneno yote. Nikampa. Hajarudi mpaka leo. Nilipomsimulia Babu aliuliza swali moja: "Ulimuuliza anamjua nani hapa?" Sikuwa nimemuuliza. Fundi wa kweli niliyekuja kumpata baadaye, aliyeandikwa ukurasa wa pili wa daftari, alipanda akagonga gonga, akashuka. Kenchi zilikuwa nzima. Tatizo lilikuwa misumari iliyopigwa kwenye bonde la bati badala ya mgongoni, maji yakawa yanaingia, mbao ikalainika, msumari ukalegea. Alitoza elfu kumi na tano na sahani ya wali.

Julai mwaka huohuo zamu ikageuka. Dada yangu mtoto wa baba mkubwa anaishi Houston, Marekani. Wakati wa Hidaya alinipigia mara tatu kwa siku. Tarehe 8 Julai Beryl ilipiga Texas, na sasa nikawa mimi ninayepiga. (Wao wanaita harikeni, upande wetu wataalamu huita saikloni, Asia ya mashariki ni taifuni. Kiswahili kilitosheka na kimbunga kwa vyote, na mimi naona kilifanya busara.) Umeme ulikatika kwa nyumba na biashara zaidi ya milioni mbili, joto la Julai, na yeye alikaa siku kadhaa bila hata feni.

Nilidhani kule mtu akipiga simu tu anahudumiwa. Kuna namba ya 211, akanieleza, unapiga unaambiwa kituo cha kupoza joto kiko wapi, chakula kinagawiwa wapi, na ya serikali kuu ya kuomba msaada wa matengenezo ni nyingine. Alizipiga. Zilimsaidia kujua kituo kilipo. Lakini barafu ya insulini ya mumewe ilitoka kwa mzee wa Kimeksiko wa nyumba ya pili mwenye jenereta, ambaye kwa miaka sita walikuwa wanapungiana mkono tu. Aligonga mlango mwenyewe. Alikuwa ameona kwamba kila Ijumaa dada hubeba boksi la dawa kutoka kwenye gari.

"Sasa kaka, ninyi huko 211 yenu ni nani?" akaniuliza.

Nikamwambia ni Mangi. Akadhani natania.

Akaniomba nimtumie picha ya kurasa za daftari aone tulivyopanga. Nikampigia picha ukurasa wa kwanza, akacheka kwa sababu kati ya namba ya nesi na ya Mama Kuku kuna hesabu za mwanangu za kugawanya, zimekosewa, na alama nyekundu ya mwalimu. Miezi miwili baadaye akanitumia yake, imechapwa vizuri kwenye kompyuta, nyumba kumi na moja za mtaa wake, imebandikwa kwenye friji. Nyumba ya pili imeandikwa kwa Kiswahili: *Mzee wa Barafu*.

Daftari letu tunalipitia kila Novemba, msimu wa vimbunga wa huku unapoanza, na mara nyingine kabla ya masika. Mwaka jana nesi alihama. Mvuvi ameuza mtumbwi. Amekuja mpangaji mpya, fundi umeme, kijana wa gari jeusi, vioo juu. Nilimkuta jioni moja anaegesha, nikagonga kioo na kalamu. Aliteremsha kidogo tu, vidole vinne hivi. Nikamwambia naomba namba yako, na kwako kuna ngazi?

Hana. Ninayo mimi, imeegemea ukuta wa jiko, chini ya bati lile. Babu alipita jana kwenda swala ya alasiri, akasimama getini, akaiangalia, akaniangalia.

"Shikamoo babu."

"Marahaba," akasema, akaendelea na safari yake.